Programu Moja, Mashine Nyingi: Nani Abebwe, Nani Aachwe?

Tarehe 1 Januari 2025, simu za mkononi ambazo siku iliyotangulia zilikuwa zikifanya kazi bila tatizo zilianza kukosa huduma moja. Betri zake zilikuwa nzima, vioo vyake havikupasuka, na wenyewe walikuwa na salio. Hata hivyo programu ya WhatsApp haikuzihudumia tena simu zenye mfumo wa Android wa toleo la 4.4 na matoleo yaliyolitangulia. Hilo halikuwa jambo la kwanza la namna hiyo. Simu za Nokia zenye mfumo wa Symbian ziliachwa katikati ya mwaka 2017, na zile za Windows Phone zikaachwa mwishoni mwa mwaka 2019.

Mwenye simu aliyepatwa na mkasa huo aghalabu hudhani kwamba simu yake imeharibika, au kwamba amefanyiwa hila ili anunue nyingine. Ukweli ni kwamba mahali fulani watu waliketi, wakahesabu, wakaamua kwamba mashine za aina ile hazitabebwa tena. Je, walihesabu nini? Ni kanuni gani zinazomwongoza mtu anayetaka programu yake moja itumike katika mashine nyingi za namna mbalimbali? Na ni nani anayeumia hesabu hiyo ikikosewa? Katika makala haya tutajaribu kuyajibu maswali hayo, kwa kutumia mifano iliyokwisha kutokea, ili mwalimu na mwanafunzi waweze kuipima wenyewe.

Jukwaa ni kitu gani?

Mtu anayeandika programu huiandika katika lugha ambayo binadamu mwenzake aweza kuisoma. Lakini prosesa, yaani kile kitovu cha kompyuta kinachotekeleza amri, haiijui lugha hiyo. Prosesa hujua orodha fupi tu ya amri zake yenyewe: jumlisha, linganisha, hamisha, ruka. Kila ukoo wa prosesa una orodha yake. Simu nyingi za mkononi hutumia prosesa za ukoo wa ARM, na kompyuta nyingi za mezani hutumia zile za ukoo uitwao x86. Kwa hiyo programu huhitaji mkalimani, ambaye huitwa kompaila, wa kuitafsiri kutoka lugha ya mwandishi hadi lugha ya prosesa inayohusika. Programu iliyotafsiriwa kwa ajili ya ukoo mmoja haisomeki kwa ukoo mwingine.

Juu ya prosesa kuna mfumo endeshi, kama vile Windows, Android au Linux. Huu ndio unaogawa kumbukumbu, unaofungua mafaili na unaoonyesha maandishi kwenye kioo. Kila mfumo endeshi una taratibu zake, na taratibu hizo hubadilika toleo hata toleo. Prosesa, mfumo endeshi na toleo lake, vikichukuliwa kwa pamoja, ndivyo tunavyoviita jukwaa. Programu husimama juu ya jukwaa kama mchezaji asimamavyo juu ya jukwaa la ngoma: ubao mmoja ukihamishwa, mguu hutumbukia.

Baadhi ya tofauti za majukwaa zimejificha sana. Tuchukue namba 1,000. Kompyuta huigawa namba hiyo katika vipande viitwavyo baiti, na kila baiti yaweza kubeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Kwa kuwa 1,000 ni sawa na (3 × 256) + 232, baiti zake mbili ni 3 na 232. Swali ni hili: ipi itangulie katika kumbukumbu? Prosesa za ukoo wa x86 huanza na ndogo, yaani 232 kisha 3. Kompyuta kubwa za IBM zinazotumiwa na mabenki huanza na kubwa, yaani 3 kisha 232. Kila utaratibu ni sahihi kwa wenyewe. Lakini faili likiandikwa na mashine ya utaratibu mmoja, likasomwa na programu iliyosahau kuuliza utaratibu uliotumika, namba itageuka kuwa (232 × 256) + 3, ambayo ni 59,395. Mtu aliyeweka shilingi 1,000 atajikuta ana shilingi 59,395. Na jirani yake, kwa hesabu iyo hiyo, aweza kupata hasara ya namna hiyo.

Hapa tunaona faida moja ya kuitumia programu katika majukwaa mengi ambayo haionekani upesi. Kosa la namna hiyo laweza kukaa miaka mingi bila kugunduliwa iwapo programu inatumika katika mashine za aina moja tu. Siku inapojaribiwa kwenye mashine ya aina nyingine, kosa hujitokeza. Majukwaa mengi ni kama mashahidi wengi: wanachosha kuwasikiliza, lakini uongo hauwapiti kwa urahisi.

Gharama zinazozaana

Kama faida ni hiyo, kwa nini programu zisibebe majukwaa yote? Tufanye hesabu ndogo. Tuseme programu yetu itatumika katika mifumo endeshi 3. Kila mfumo una matoleo 3 yanayotumiwa na watu, na kila toleo hutumika katika koo 2 za prosesa. Idadi ya majukwaa ni 3 × 3 × 2, yaani 18. Ikiwa jaribio moja kamili huchukua dakika 40, majaribio yote yatachukua dakika 720, ambazo ni saa 12. Mtu mmoja aombapo mfumo endeshi wa nne uongezwe, majukwaa huwa 24 na muda huwa saa 16. Tena programu ikiwa na lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, na kila lugha sharti ijaribiwe mahali pote, majukwaa na lugha vitatupa majaribio 48 na saa 32.

Mwanafunzi na aone jambo muhimu hapo: gharama hazijumlishwi, bali huzidishwa. Ombi la mfumo mmoja halikuongeza jaribio moja, bali sita. Na lugha ya pili haikuongeza machache, bali iliyarudufu yote. Zaidi ya hayo, gharama hiyo hailipwi mara moja. Hulipwa kila programu inaporekebishwa, mwaka baada ya mwaka, na aghalabu hulipwa na watu wale wale wachache ambao wangeweza kuutumia muda huo kuondoa kasoro nyingine. Mshika mbili, moja humponyoka. Seuze mshika ishirini na nne.

Mfano wa Debian

Mradi mmoja ambao umelishughulikia swali hili hadharani kwa miaka mingi ni Debian. Huu ni mradi wa wafanyakazi wa kujitolea ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, nao hutayarisha mfumo kamili wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux na kuutoa bure kwa yeyote. Mwaka 1998 toleo lake la 2.0 lilikuwa la kwanza kubeba koo mbili za prosesa: ukoo wa Intel, na ule wa Motorola 68000 uliotumika katika kompyuta za Amiga, Atari na Macintosh za mwanzo. Kufikia mwaka 2002 koo zilikuwa 11.

Wenye mradi waliona fahari, na walistahili. Lakini utaratibu wao ulikuwa na sharti kali: kifurushi cha programu hakikuruhusiwa kuingia katika toleo lililokuwa likiandaliwa mpaka kwanza kiwe kimetafsiriwa kwa mafanikio katika koo zote zilizokuwa zikikihudumia. Basi mwendo wa msafara mzima ukawa ni mwendo wa ngamia aliye nyuma ya wote. Toleo la mwaka 2002 lilitoka mwezi Julai. Lililofuata lilitoka mwezi Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye. Wingi wa koo haukuwa sababu pekee ya kuchelewa huko, lakini ulikuwa mmojawapo wa mizigo iliyolalamikiwa.

Machi 2005 wasimamizi wa matoleo walikutana mjini Vancouver, Kanada, kisha wakatoa pendekezo lililozua mjadala mkali. Walipendekeza kwamba koo zitakazobebwa katika toleo litakalofuata zipunguzwe kutoka 11 hadi 4. Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Wapo waliokuwa wametumia miaka kuzihudumia mashine hizo. Wapo waliosema kwamba mradi unaojiita wa watu wote hauwezi kuwafungia mlango wale walio wachache.

Kilichotokea ndicho kinachotufaa sisi kama somo. Upunguzaji ule wa kufikia koo 4 haukutekelezwa. Lakini mjadala uliacha jambo lenye thamani kuliko orodha yoyote, nalo ni masharti yaliyoandikwa. Badala ya kuuliza, "Je, ukoo huu tunaupenda?" watu walianza kuuliza maswali yanayojibika. Je, mashine zake bado zinauzwa zikiwa mpya? Je, wapo wataalamu wa kutosha walioahidi kuuhudumia, mathalani watano? Je, wapo watumiaji wa kweli? Je, mashine za kutafsiria zinamudu kasi ya kazi, na ipo ya akiba moja ikiharibika? Je, sehemu kubwa kabisa ya programu zote, kama asilimia 98, inatafsirika bila kosa?

Toleo lililofuata lilitoka Aprili 2007 likiwa na koo 11 kama mwanzo. Lakini hazikuwa zile zile. Ukoo mpya wa prosesa za biti 64, uliokuwa ukienea duniani kote, uliingia. Na ukoo mkongwe wa Motorola 68000 ulitoka, kwa kuwa mashine zake zilikuwa za polepole mno kuimudu kazi. Hata hivyo haukuzikwa. Mradi ulikuwa umetenga ukumbi wa pembeni ambako wapenzi wa koo zilizoondolewa waweza kuendelea kuzitunza kwa nguvu zao wenyewe, bila kuwachelewesha wengine, na ukoo huo umeendelea kutunzwa humo.

Tangu hapo koo zimeendelea kuingia na kutoka. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lilibeba koo 7. Lilipokea ukoo mpya uitwao RISC-V, ambao maelezo ya amri zake yako wazi kwa yeyote kuyatumia bila kulipia kibali. Wakati huo huo liliacha kuuhudumia kikamilifu ukoo wa Intel wa biti 32, ule ule ambao mradi ulianza nao mwaka 1993. Programu zake bado zaweza kuendeshwa ndani ya kompyuta za biti 64, lakini kompyuta ya biti 32 yenyewe haiwezi tena kuwekewa toleo hilo kwa njia rasmi.

Mzaliwa anapoiacha nyumba aliyozaliwa

Jambo linalofanana na hilo lilikuwa limekwisha kutokea katika kiini cha Linux chenyewe. Linus Torvalds alianza kuandika Linux mjini Helsinki mwaka 1991, katika kompyuta yenye prosesa ya Intel 386, aina iliyotolewa mwaka 1985. Desemba 2012 uliamuliwa mfumo huo usiihudumie tena 386, na toleo la 3.8 la mwezi Februari 2013 likatoka bila hiyo. Linux haikuweza tena kufanya kazi katika mashine ya aina ile ile iliyoizaa.

Sababu yake inaeleweka kwa mfano wa makarani. Tuseme makarani wawili wanatumia daftari moja la hesabu. Wa kwanza anasoma salio la shilingi 500, naye anataka kuongeza 100. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 500, akitaka kuongeza 200. Wa kwanza anaandika 600. Wa pili anaandika 700. Shilingi 100 zimepotea, ingawa kila karani amehesabu sawasawa. Dawa yake ni kulinganisha na kubadilisha kwa tendo moja lisilokatizwa: "Ikiwa salio bado ni 500, andika 700, kama sivyo, anza upya." Prosesa zilizofuata baada ya 386 zina amri moja inayofanya tendo hilo. 386 haina. Kwa hiyo kila mahali palipohitaji amri hiyo, waandishi walilazimika kutunza njia ya pili kwa ajili ya 386 peke yake. Intel yenyewe ilikuwa imekwisha kuacha kuitengeneza prosesa hiyo mwaka 2007. Njia ile ya pili ilikuwa ikiwagharimu wote kwa manufaa ya wachache sana, nao hao waliweza kuendelea na matoleo ya zamani.

Wakati mwingine kinachoamua ni kalenda. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo ikiwekwa katika biti 32, namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 2,147,483,647. Sekunde hizo zitatimia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa majira ya Afrika Mashariki. Baada ya hapo hesabu itarukia nyuma, na mashine itadhani iko mwaka 1901. Katika toleo la 13, Debian ilipanua hesabu ya muda hadi biti 64 katika koo zake zote isipokuwa huo wa Intel wa biti 32, kwa sababu kazi iliyobaki ya ukoo huo ni kuendesha programu kuukuu ambazo zingevunjika kwa mabadiliko hayo. Mtu anayeamua majukwaa leo, basi, hana budi kujiuliza si nani anayetumia sasa tu, bali pia mashine hiyo itakuwa wapi baada ya miaka kumi.

Uamuzi unaoingilia mlango wa nyuma

Si kila mara jukwaa huachwa kwa mkutano na kura. Programu za siku hizi hujengwa kwa kutumia programu nyingine, na kila moja kati ya hizo ina orodha yake ya majukwaa. Jukwaa ambalo tegemeo lako halilibebi, nawe hulibebi, hata kama hukukusudia.

Februari 2021 jambo hili lilionekana waziwazi. Lugha ya Python ina maktaba mashuhuri ya usimbaji wa siri iitwayo cryptography, inayotumiwa na programu nyingi mno. Katika toleo lake la 3.4, watunzaji wake waliingiza sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Nia yao ilikuwa njema na ya kisayansi: Rust huzuia aina nyingi za makosa ya kumbukumbu ambayo wavamizi hupenda kuyatumia, na maktaba ya siri haipaswi kuwa na makosa hayo. Lakini kompaila ya Rust haikuzihudumia koo kadhaa za zamani, kama vile Alpha. Ghafla watu waliokuwa wakizitunza mashine hizo walijikuta nje, pamoja na programu zote zilizoitegemea maktaba ile.

Ubishi ulikuwa mkali. Wengine walisema kwamba watunzaji wamevunja mifumo ya watu bila kuwatahadharisha vya kutosha. Watunzaji nao walijibu kwamba hawakuwahi kuahidi kuzihudumia koo hizo, wala hawakuwa na mashine za kuzijaribia. Kwamba programu ilikuwa ikifanya kazi humo kwa bahati tu. Pande zote mbili zilikuwa na haki kiasi, na chanzo cha ugomvi ni kimoja: ahadi ilikuwa haijaandikwa. Mtu akiona programu inafanya kazi, huhesabu kwamba ameahidiwa.

Madaraja matatu ya ahadi

Kwa sababu hiyo miradi mingi sasa huandika ahadi zake kwa madaraja. Lugha ya Rust yenyewe ina madaraja matatu. Katika daraja la kwanza, mradi unaahidi kwamba programu itafanya kazi. Majaribio huendeshwa kila mabadiliko yanapoingizwa, na badiliko linaloharibu hurudishwa. Katika daraja la pili, mradi unaahidi kwamba programu itatafsirika, lakini hauahidi kwamba majaribio yote yamefanywa. Katika daraja la tatu, matini ya kulihudumia jukwaa imo, lakini haijaribiwi wala haitafsiriwi na mitambo ya mradi. Anayelihitaji ndiye mwenye jukumu.

Python nayo hufuata utaratibu wa madaraja unaolingana na huo, na kwa upande wa Windows ina kanuni iliyo nyepesi kukumbuka: toleo la Windows huhudumiwa muda ambao mwenyewe, yaani Microsoft, bado analihudumia. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 7 kwa kawaida Januari 2020, Python 3.9 ya Oktoba mwaka huo haikuibeba. Ubora wa kanuni kama hiyo ni kwamba mtumiaji aweza kuijua tarehe kabla haijafika, akajiandaa. Anayeachwa kwa taarifa ana nafasi ya kuhama. Anayeachwa bila taarifa hana ila kulalamika.

Somo kutoka Kenya

Pengine msomaji anaona kwamba mambo haya ni ya Helsinki na Vancouver. Hata kidogo. Mfano mmoja wa uamuzi wa jukwaa uliofaulu sana duniani ulifanyika hapa Afrika Mashariki.

M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, simu walizokuwa nazo wananchi wengi zilikuwa ndogo za vitufe, zile ambazo Tanzania huitwa vitochi na Kenya huitwa mulika mwizi. Zilikuwa za kampuni nyingi na za aina nyingi, na nyingi kati yake hazikuweza kupokea programu mpya hata kidogo. Kuandika programu ya kila aina ya simu lingekuwa jambo lisilowezekana. Kuchagua aina chache za simu za bei ghali kungewaacha nje wale wale ambao huduma ilikusudiwa kuwafikia, yaani watu wasio na benki.

Watengenezaji walikwepa pande zote mbili. Waligundua kwamba simu hizo zote, hata zikitofautiana namna gani, zilikuwa na kitu kimoja kinachofanana: kadi ya simu. Kadi hiyo ina prosesa yake ndogo na kumbukumbu yake, na viwango vya simu za GSM vinairuhusu iongeze orodha ya vichaguo katika kioo cha simu na itume ujumbe. Programu ikawekwa ndani ya kadi. Wateja waliokuwa na kadi za zamani walibadilishiwa kadi. Simu zao walibaki nazo. Kwa njia hiyo majukwaa yasiyohesabika yaligeuzwa kuwa jukwaa moja. Huduma ya jina hilo hilo ilianza Tanzania mwaka 2008.

Uamuzi huo ulikuwa na bei yake. Hapakuwa na picha wala rangi. Kila kitu kilipaswa kuingia katika mistari michache ya maandishi. Walikubali unyonge wa umbo ili wapate upana wa watu. Hilo ni fundisho la pekee: kabla ya kuuliza ni majukwaa mangapi tutayabeba, tuulize kwanza kama kuna kitu ambacho yote tayari yanacho.

Zoezi la darasani

Walimu waweza kulifanya jambo hili kuwa somo la vitendo. Tuseme shule moja ya kubuni inataka programu ya kuwekea alama za wanafunzi. Walimu 40 wameulizwa kila mmoja atatumia kifaa gani, na mwandishi wa programu amekadiria siku za kazi zinazohitajika kwa kila jukwaa. Matokeo ni haya:

Simu za Android za matoleo mapya: walimu 22, siku 10.
Simu za Android za matoleo ya zamani: walimu 9, siku 6 za ziada.
Kompyuta za Windows: walimu 6, siku 8.
Kompyuta za Linux: walimu 2, siku 3.
Simu ya iPhone: mwalimu 1, siku 12.

Siku zilizopo ni 25 tu. Gawanya idadi ya walimu kwa siku za kazi: utapata 2.2, kisha 1.5, kisha 0.75, kisha takriban 0.67, na mwisho takriban 0.08. Ukichukua majukwaa matatu ya kwanza utatumia siku 24 na kuwafikia walimu 37 kati ya 40, yaani asilimia 92.5. Yaonekana kazi imekwisha.

Lakini haijaisha. Wanafunzi wajadili maswali yafuatayo. Kwanza, je, ikiwa moja kati ya zile kompyuta mbili za Linux ndiyo iliyo katika ofisi ya mkuu wa shule, ambamo alama zote hukusanywa na ripoti za wazazi huchapwa, bado yafaa kuhesabiwa kama kifaa kimoja tu? Pili, mwenye iPhone aweza kuazima kompyuta ya shule kwa dakika kumi. Je, mwenye simu ya Android ya zamani, anayefanya kazi yake usiku nyumbani, ana njia nyingine gani? Tatu, siku hizo 6 za Android ya zamani zitarudiwa kila mwaka. Je, simu hizo zitabaki ngapi baada ya miaka miwili? Nne, je, programu ikiandikwa ifanye kazi ndani ya kivinjari, ambacho vifaa vyote vitano vinacho, orodha yetu itabadilikaje, na tutapoteza nini mahali ambapo mtandao hukatika?

Wanafunzi watagundua kwamba asilimia ni mwanzo mzuri wa fikra, lakini si mwisho wake. Idadi hutuambia ni wangapi watakaoachwa. Haituambii ni nani, wala haituambii kama ana pa kwenda.

Hitimisho

Tumeona kwamba hakuna programu inayoweza kubeba kila mashine daima, na kwamba asiyetaka kuchagua huchaguliwa na uchovu, na aghalabu huchaguliwa vibaya. Tumeona pia kwamba uchaguzi mwema una dalili zake. Masharti yake yameandikwa kabla ya ugomvi kuanza. Gharama zake zimehesabiwa pamoja na za miaka ijayo. Anayeachwa hupewa taarifa mapema na hufunguliwa ukumbi wa pembeni ikiwezekana. Na kabla ya yote, wenye uamuzi wameuliza swali walilouliza waandishi wa M-Pesa: watu wetu wana nini mikononi mwao leo?

Nchi zetu zina shule na zahanati ambamo kompyuta iliyotolewa mahali pengine kwa sababu ya ukongwe ndiyo iliyo mpya kuliko zote. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zinazoitumia haziwezi kupokea Windows 11. Maamuzi kuhusu mashine hizo yataendelea kufanywa na watu walio mbali, isipokuwa pale ambapo vijana wetu wenyewe watakuwa miongoni mwa wanaoandika programu na wanaojitokeza kuzijaribu. Katika mradi kama Debian, jukwaa halikuokolewa kwa malalamiko. Liliokolewa na mtu aliyesema, "Mashine hii ninayo, na majaribio yake nitayafanya mimi." Mwanafunzi anayesoma makala haya katika kompyuta kuukuu ya shule yake aweza kuwa mtu huyo.